Mrija Nyuma ya Mlango Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimehitimu diploma ya ushauri nasaha, sketi yangu imepigwa pasi ikanyooka, na niliamini kwamba mraibu atabisha mlango, aketi mbele yangu, aanze kunisimulia utoto wake. Zahanati niliyopangiwa ilikuwa karibu na soko la Gikomba jijini Nairobi, upande wa mafundi wa vitanda, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Anayeijua Gikomba baada ya mvua hahitaji kuambiwa viatu vile vilifika katika hali gani.

Aliyenipokea alikuwa Matroni, muuguzi mkuu wa zahanati, mama mnene mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikipanda. Nilimwuliza ofisi yangu iko wapi.

"Ofisi ya nini?"

"Ya kuwashauri walevi, Matroni."

"Ofisi haijawahi kulevya mtu, mwanangu. Hao unaowatafuta wako nje. Vua hivyo viatu, kuna gambuti za mfagiaji pale kwenye stoo, halafu uende ukawasalimie."

Nikashinda kutwa nzima Gikomba nikiwa nimevaa gambuti, buti za mpira za mwanamume, nikisalimia watu. Sikumshauri yeyote. Jioni Matroni aliniuliza nimejifunza nini, nikamwambia nimejifunza kwamba watu wa Gikomba wanapenda sana kucheka wageni. Akasema huo ni mwanzo mzuri.

Ninaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoanza kazi hii sasa, mkiwa na vyeti vikubwa kuliko changu, na simu zinazowakumbusha hata kunywa maji. Sina nia ya kuwafundisha yaliyo vitabuni. Nataka tu mjue kazi hii tuliifanyaje Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, siku zetu, kabla sijaanza kusahau.

Wakati huo mlevi alikuwa na majina mawili mtaani. Wa kanisani walimwita mwenye dhambi, na wa nyumbani walisema amerogwa. Matroni alikuwa na jina la tatu: mgonjwa. Alitueleza kwamba uraibu ni ubongo uliojifunza njia ya mkato. Ukiwa na huzuni, pombe. Ukiwa na furaha, pombe. Njia ile ikishakanyagwa miaka na miaka, nyasi hazioti tena, na mtu hujikuta ameshafika kabla hajajua kwamba ameondoka. Kazi yetu, alisema, ni kumsaidia akanyage njia nyingine, polepole, huku ile ya zamani ikiota magugu.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. "Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi usimwambie aache ghafla halafu umfungie nyumbani," alisema. "Mwili wake utatetemeka mpaka apate kifafa, na anaweza kufa. Kwanza daktari. Maneno yako matamu yatafuata."

Njia yake ya kazi tuliiita kutembea barabara. Ulimpitia mteja wako mahali pake pa kazi saa anayotoka, mkatembea pamoja mpaka kwake, naye akakuonyesha kila mahali koo linapomkauka. Kitaalamu mambo hayo huitwa vichochezi, yaani chochote kinachoamsha hamu. Vingine hata mtoto angevitambua, kama mlango wa mama pima, muuzaji wa pombe haramu ya chang'aa, kule Majengo. Lakini vingine usingevijua ukiwa umeketi ofisini. Kuna fundi mmoja ambaye hamu yake iliamshwa na harufu ya vanishi, kwa sababu kitanda kikishapakwa vanishi maana yake kazi imeisha. Kuna mama mmoja ambaye kichochezi chake kilikuwa mazoezi ya kwaya, kwa kuwa waliimba wimbo ulioimbwa siku ya kumzika dada yake. Huyo tulimhamishia kwaya ya Jumapili jioni, yenye nyimbo nyingine, akapata nafuu.

Tena tulikuwa na maswali manne ya kuuliza kabla ya neno lolote la hekima. Una njaa? Una hasira? Uko mpweke? Umechoka? Hali hizo nne hujifanya kiu ya pombe, na mtu asipozijua kwa majina atazitibu zote kwa glasi moja. Matroni alianza na la njaa kila mara. Nimeona hamu nyingi kubwakubwa zikishindwa na sahani ya madondo, yaani maharagwe, kwa chapati.

Halafu kuna hili la wimbi. Kitabu tulichosomea chuoni kilisema hamu ni wimbi la bahari, na mteja aelekezwe kulipanda mpaka litulie. Nilimwelezea mteja wangu mmoja hivyo, mtu wa Kakamega aliyehamia mtaa wa Ziwani hapa Nairobi, akaniangalia kwa huruma na kuniuliza kama nimewahi kuiona hiyo bahari. Sikuwa nimewahi. Basi nikamwambia hamu ni kama chai ya maziwa jikoni. Inapanda, inapanda, unadhani itamwagika na kuzima moto. Lakini ukisimama pale ukaiangalia, ukapunguza moto na kuipuliza, inashuka yenyewe. Wanaounguza chai ni wale wanaoondoka jikoni. Kutoka siku ile sikulitaja wimbi tena, na nawasihi nanyi mtafute chai yenu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kituo cha kulaza waraibu, rihabu kama watu wa mtaa wanavyoiita. Mkuu wetu alikuwa Mkurugenzi, mchungaji mrefu aliyependa utaratibu kuliko chakula. Kengele ya kuamka, kengele ya kuoga, kengele ya kutafakari. Alikuwa mtu mwema, na wengi walipona pombe chini ya kengele zake. Kauli yake ilikuwa moja: "Badilisheni watu, mahali na vitu." Maana yake, ukitoka hapa tafuta marafiki wapya, mtaa mpya, na utupe kila kilichohusiana na ulevi wako.

Hapo ndipo nilipokutana na Wafula.

Wafula alikuwa fundi wa vitanda Gikomba, mtu wa kwetu magharibi, mcheshi, mwenye kuimba huku akipiga randa. Aliletwa na mkewe, Mama Naliaka, aliyekuwa akiuza mitumba ya nguo za watoto. Mama huyo alimkabidhi mumewe langoni na kusema maneno mafupi: "Nimemleta. Sitamleta tena." Kisha akageuka na kurudi sokoni.

Askari wa lango alipopekua mizigo alikuta kifuko kirefu cha mwanzi kinachonizidi kimo. Ndani yake kulikuwa na mrija, ile mirija mirefu ambayo wazee wetu hunywea busaa, pombe ya nafaka, wakiwa wameizunguka nyungu moja, kila mmoja na wake. Ncha yake ya chini ilikuwa na kichungi kilichofumwa kwa ustadi, na ya juu ilikuwa imelainika kwa midomo. Askari alicheka mpaka akaegemea lango.

"Mzee, umekuja kuacha pombe na mrija?"

"Ni wa baba yangu marehemu," Wafula akajibu, bila kucheka. "Kwetu mrija wa mzee hautupwi. Na nikiuacha nyumbani, Barasa atauchukua." Barasa ni mdogo wake, ambaye nyinyi mtamwona mbele.

Mkurugenzi aliamuru uchomwe. Ni kitu cha ulevi, alisema, na hapa vitu hubadilishwa. Wafula alisimama, akachukua begi lake, akaanza kutembea kurudi alikotoka. Nilimkimbilia. Nilimwuliza kama atakubali niutunze mimi, chini ya kufuli yangu, mpaka atakapouhitaji.

"Wewe ni wa nani huko kwetu?"

Nikamtajia babangu na kijiji chetu. Akafikiri, akanipa mrija kwa mikono miwili. Mkurugenzi akaguna, akasema ukae kwangu na usikanyage bwenini. Basi ukakaa nyuma ya mlango wa ofisi yangu, umesimama kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Nilifikiri sana juu ya mrija ule. Vitabu vilikuwa sahihi, ulikuwa kichochezi. Lakini ulikuwa pia ni baba yake. Mimi naona si kila kinachomwita mtu kwenye ulevi ni adui wa kuchomwa. Vingine ni ndugu, wanahitaji tu kuwekwa mbali kidogo kwa muda.

Wafula alimaliza kipindi chake vizuri. Alitoka amenenepa, macho meupe. Na hapo Ziwani, mtaa wake, ikafanya kosa ambalo ni Ziwani tu ingeweza kulifanya. Majirani walifurahi kumwona mpaka wakamfanyia sherehe. Walichanga, wakanunua kuku, wakapika, na katikati ya sherehe ya kumpongeza Wafula kwa kuacha pombe, wakaweka nyungu ya busaa.

Mwenye wazo alikuwa Shikuku, rafiki yake wa tangu ujana, mpasua mbao pale Gikomba. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Kwake yeye Wafula alikuwa ameugua, amelazwa, na sasa amepona. "Mtu akiumwa na tumbo akipona, si anarudi kula?" alimwambia. "Onja tu. Wewe sasa ni mzima." Wote waliokuwapo waliona hoja hiyo haina kasoro. Wafula naye aliiona hivyo. Akaonja kwa mrija wa kuazima.

Alikunywa wiki nzima. Mama Naliaka hakugombana naye. Alifunga nguo zake na kwenda kukaa kwa dada yake, mtaa wa Makongeni.

Siku moja asubuhi nilimkuta Wafula mlangoni pangu kituoni, kofia mkononi, akichungulia nyuma ya mlango kuona kama mrija bado upo.

"Madam, nimeteleza."

"Umekuja na nini?"

"Na miguu."

"Basi hukuanguka. Umekula?"

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na sisi washauri tumeijengea kazi yetu juu ya methali hiyo. Kuteleza ni kunywa siku moja au wiki moja. Kuanguka ni kurudi kuishi huko. Kinachotenganisha hayo mawili ni lile neno mtu analojiambia asubuhi inayofuata. Wengi hujiambia, nishaharibu, liwalo na liwe. Hilo liwalo na liwe limemaliza watu wengi kuliko chang'aa yenyewe. Wafula hakulisema. Alipanda kilima mpaka kwangu akiwa anatetemeka, nikampeleka kwa daktari kwanza, halafu tukanywa uji.

Muda mfupi baadaye nilihamishwa tena, mara ya mwisho, kwenye kituo kidogo kilichofunguliwa katika ukumbi wa mtaa huko Ziwani, ambako mimi mwenyewe niliishi na marehemu mume wangu tangu alipoajiriwa reli. Mrija nilihama nao. Niliubeba begani kutoka barabara kuu mpaka ukumbini, mchana kweupe, na nilikutana na akina mama wa kanisa langu wakitoka kwenye maombi. Hakuna aliyeuliza kitu. Lakini Jumapili ile niliona naombewa sana.

Mkuu wangu mpya alikuwa Mratibu, kijana nadhifu aliyependa takwimu. Alipokagua ofisi aliuona mwanzi nyuma ya mlango.

"Madam Rispa, hii nitaiweka wapi kwenye ripoti?"

"Weka chini ya vifaa vya kazi."

Akauweka hapo, na haukuulizwa tena na mtu yeyote.

Kazi na Wafula ikaanza upya. Ile kauli ya Mkurugenzi ya kubadilisha watu na mahali ilitushinda. Mtu wa Ziwani anatumia ukuta mmoja na jirani yake. Akikohoa huku anaambiwa pole kule. Shikuku ndiye aliyempasulia mbao, ndiye waliyezikiana naye wazazi. Ukimwambia Wafula amwache Shikuku, umemwambia abaki peke yake, na upweke ni moja ya zile hali nne. Basi tukaamua hatutabadilisha watu. Tutabadilisha kiti tu. Jumamosi alasiri, saa ya nyungu, tulianzisha kikundi cha chai pale ukumbini, na hapo tukafanya mazoezi ya kukataa.

Mazoezi hayo ni rahisi. Mmoja anajifanya rafiki mshawishi, mwingine anajifunza kusema hapana bila hotuba na bila kuomba radhi. Mimi nilijifanya Shikuku, na najisifu kwamba niliigiza vizuri: mkono begani, sauti ya pua, kicheko. Mpaka siku moja sauti ikatoka dirishani.

"Madam, mimi sisemi hivyo."

Alikuwa Shikuku mwenyewe, viwiko vyake juu ya dirisha, amekasirika kidogo.

"Unasemaje basi?"

"Mimi simshiki bega. Namwita jina la babake. Halafu nanyamaza. Hapo lazima aje."

Nikamwambia aingie aonyeshe. Akaingia, akasimama mbele ya Wafula, akamwita kwa jina la babake, akanyamaza. Nilimwona Wafula akimeza mate. Chai ilikuwa imepanda, na mimi sikuwa na la kufanya ila kusubiri pamoja naye. Kisha akasema, "Shikuku, leo nakunywa chai. Keti."

Shikuku akaketi. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi kumshawishi Wafula, kwa bidii yote, kisha anakunywa vikombe viwili vya chai na kwenda zake kwenye busaa. Shikuku hakuacha pombe, na sitawadanganya kwamba aliacha. Lakini sijawahi kuwa na msaidizi bora kuliko yeye.

Ndipo Naliaka, binti mkubwa wa Wafula, akapata mchumba. Alikuwa mwalimu wa chekechea, msichana mtulivu kama mamake. Alikuja ofisini kwangu jioni moja, akakataa kuketi.

"Madam, wazee wa upande ule wanakuja Jumamosi ijayo kuzungumza mahari. Nampenda baba. Lakini nimemwambia ukweli, na nataka na wewe ujue. Akinywa siku hiyo, nitamwomba baba mdogo Barasa akae mahali pake. Na mama amesema akinywa, hatarudi tena Ziwani. Sote tumechoka."

Wageni wale walikuwa wa kanisa, kama sisi. Ukumbini mbele kungekuwa na soda, chai na maombi. Lakini wazee waliotoka nyumbani magharibi walitaka nyungu yao pia, pembeni kule nyuma chini ya upenu, mahali ambapo mchungaji hupita bila kupaona. Na desturi ya ukoo wao na wa Wafula ilikuwa moja: baba wa msichana ndiye anayetia mrija wake kwanza.

Jumamosi asubuhi Wafula alikuja ameoga, amevaa koti.

"Madam, nataka mrija wangu."

"Wa kufanyia nini?"

"Baba wa msichana hawezi kukaa mikono mitupu. Wale wazee walimjua baba. Wataniuliza uko wapi."

Mratibu, aliyekuwa mlangoni, alitikisa kichwa nyuma ya Wafula, akinionya. Taratibu zote zilikuwa upande wake. Nami niliogopa, kweli niliogopa, nikaona Mama Naliaka akipanga nguo zake Makongeni kwa mara ya mwisho. Lakini msingi wa ushauri nasaha ni huu: uamuzi ni wa mwenyewe. Ukimnyang'anya mtu uamuzi wake ili asikosee, umemnyang'anya pia ule wa kusema hapana. Niliutoa nyuma ya mlango, nikampa kwa mikono miwili kama alivyonipa.

Nilialikwa, nami nikajiunga na wanawake jikoni, chumba kidogo kinachopakana na ule upenu wa nyungu. Sufuria kubwa ya chai ilikuwa motoni. Mama Naliaka alikuwapo, kilemba kimefungwa kwa nguvu, hasemi na mtu. Kupitia mlango tuliwaona wazee wameizunguka nyungu, Wafula katikati, Shikuku kushoto kwake, na Barasa akiwa amesimama nyuma ya kiti cha kakake, karibu kuliko inavyohitajika.

Mzee wao mkubwa, mwenye kofia ya manyoya, aliuona ule mwanzi.

"Huo naujua. Nilikunywa na mwenyewe. Utoe, baba wa msichana, utufungulie."

Wafula akautoa mrija. Akaushika.

"Asante, mzee. Mimi sinywi."

"Kidogo tu. Cha heshima."

"Sinywi, mzee."

"Msichana anaozwa bila babake kugusa nyungu? Sisi tutarudi nyumbani tuseme nini?"

Kidole gumba cha Wafula kilikuwa kinasugua ile ncha laini, huku na huku, nami niliijua hali ile. Hamu ilikuwa imepanda hadi ukingoni. Barasa alisogea hatua moja. Wanawake wote jikoni tulikuwa tumejazana mlangoni, hakuna aliyebaki nyuma. Shikuku, ambaye kazi yake ya kila Jumamosi ilikuwa kushawishi, aliutazama mrija wake mwenyewe, akautoa nyunguni na kuulaza chini.

Mistari yote tuliyofanyia mazoezi Wafula hakuitumia hata mmoja.

"Mzee," alisema, "huu mrija baba aliunywea akalea watu saba. Mimi niliunywea mpaka nikamaliza nyumba yangu. Hakuna anayeweza kukana hiyo. Sasa nyinyi mmekuja kutafuta nani? Kama mnatafuta baba ya Naliaka, ni mimi, nimekaa hapa. Kama mnatafuta yule mlevi, mmechelewa, alikuwa akikaa hapa kitambo." Akamwekea mzee mrija mikononi. "Wewe ulikunywa na baba. Leo mshikie nafasi yake."

Mzee aliushika mrija ule akaugeuzageuza, akakitazama kichungi chake. Nilidhani atasimama aondoke na watu wake.

Hapo ndipo tuliposikia sauti ya moto ukifa na harufu ya maziwa yaliyoungua. Sote tulikuwa tumeondoka jikoni. Chai ya wageni ilikuwa imepanda, imemwagika, imezima jiko zima.

Mama Naliaka ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka ameshika kizingiti, kilemba kimelegea, machozi yakimtoka. Wafula akageuka, akamwona mkewe akicheka, naye akacheka, na mzee wa kofia akauliza ni nini kimeharibika huko. Akaambiwa ni chai.

"Kama imebaki hata kikombe," mzee akasema, huku akiutia mrija wa marehemu nyunguni, "mpeni baba wa msichana. Tuanze mazungumzo."

Barasa akatafutiwa kiti chake mwenyewe.

Mama Naliaka alirudi Ziwani baadaye, kwa wakati wake, bila sherehe. Tulikuwa tumejifunza habari ya sherehe. Lakini lililonishangaza zaidi ni Jumatatu ile. Nilikuwa bado natembea kwa majivuno, Wafula alipobisha, mwanzi begani.

"Madam, niwekee tena."

"Lakini si umeshinda?"

"Nimeshinda Jumamosi," akasema. "Leo ni Jumatatu."

Miaka yote niliyokuwa kazini sijasikia mtaalamu akilieleza jambo hili vizuri zaidi. Nikaurudisha nyuma ya mlango.

Ukakaa hapo mpaka nilipostaafu. Siku yangu ya mwisho Mratibu alisoma hotuba yenye takwimu nyingi, watu wakala keki, na mshauri aliyekuja kuchukua nafasi yangu, msichana mwerevu, akanitembeza katika ofisi yake mpya. Alikuwa na viatu vyeupe. Nilimwonyesha gambuti zangu, nikamwachia. Kisha akauliza mwanzi ule ni wa nini, nikamwambia huo si wa ofisi, ni wa mtu.

Tangu hapo wengi huniuliza kama kazi yetu ilifaulu. Nimezika wateja, na wengine bado nawakuta Majengo wamelala kandokando ya mtaro, nawaamsha, nawauliza kama wamekula. Wengine wana wajukuu. Naona ilikuwa kazi nzuri. Ilinifanya nicheke mara nyingi kuliko kazi ya mtu yeyote ninayemjua, na ikiwa mnaifanya siku nzima bila kucheka, basi kuna mahali mnakosea.

Jioni ile ya mwisho nilipita Gikomba, mwanzi begani, nikamkuta Wafula akipiga randa ubao wa kichwani wa kitanda. Nilimweleza nimestaafu, na kwamba mshauri mpya ni mwaminifu, anaweza kuendelea kumtunzia mrija wake kama atapenda.

Alifuta mikono kwenye aproni. Akafikiri kidogo, kisha akaupokea.

"Sasa utakaa kwangu."

"Na ukikuita, Wafula?"

"Utaniita tu, Madam," akasema, akiusimamisha taratibu nyuma ya mlango wa karakana yake. "Utanikuta jikoni naangalia chai."